Mjomba wake anataka kumvusha ziwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa hapa Ujiji, nauza mawese. Mwanangu wa miaka 17 alikuwa akimsaidia mama mmoja dukani, na mara nyingi alitumwa kutoa pesa kwenye mashine ya benki kwa kadi ya mama huyo. Mwezi uliopita aliichukua kadi bila kutumwa, yeye na binamu yake wa miaka 21 wakatoa shilingi 640,000 na kununua simu. Polisi wamewaachia kwa dhamana, na Jumatatu wanatakiwa kituoni. Kaka yangu anasema tumpandishe boti kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, mpaka mambo yapoe. Kuna mtu mwingine anataka 200,000 ili "ayamalize". Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Naanza na boti, kwa kuwa ndilo jambo linaloweza kuharibika kabla ya Jumatatu. Mtoto aliye nje kwa dhamana akivushwa, shauri lake linabaki Kigoma likimsubiri: atatafutwa kwa hati ya kukamatwa, waliomdhamini watadaiwa kiasi walichoahidi, na siku atakaporudi ataomba dhamana nyingine akiwa tayari ameonyesha kwamba akiachiwa hukimbia. Huyo mwenye 200,000 naye mwache. Akipewa pesa ili apitishe jambo hilo kwa ofisa, hiyo ni rushwa, na mtoaji hushtakiwa kama mpokeaji.

Huenda nyumbani mmeshaanza kujifariji kwamba mwenye kadi alitoa namba ya siri kwa hiari yake. Msiuegemee sana utetezi huo, maana ruhusa ya siku aliyotumwa haikuwa ruhusa ya siku ambayo hakutumwa.

Kinachombeba mwanao ni umri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Akiwa mahabusu hapaswi kuchanganywa na watu wazima, na shauri la mtoto lina Mahakama ya Watoto, ingawa anaposhtakiwa pamoja na mtu mzima linaweza kusikilizwa katika mahakama ya kawaida. Akipatikana na hatia anaweza kuachiliwa kwa masharti, au kupelekwa shule ya maadilisho, yaani ya kurekebisha tabia za watoto, kama ile ya Irambo, Mbeya, na wewe mzazi unaweza kuamriwa kulipa faini au fidia. Haya yote yanategemea umri huo kujulikana mapema, na kijana mrefu aliyeota ndevu huandikwa miaka 19 kwa kukadiriwa kwa macho tu, kisha kosa hilo la kalamu likamfuata kutoka jalada hadi jalada. Tafuta cheti cha kuzaliwa; kama hana, chukua kadi ya kliniki na kumbukumbu za shule. Mwombe pia ofisa ustawi wa jamii awepo mtoto anapohojiwa.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa binamu, ambaye umemtaja kwa mstari mmoja tu. Yeye ni mtu mzima mbele ya sheria, na kwake jina la kosa ni jambo zito. Akishtakiwa kwa wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu, miaka 7 ndiyo kikomo cha juu, na hakimu anaweza kushuka sana kwa mkosaji wa mara ya kwanza, hata kumwachilia kwa masharti. Akishtakiwa kwa udanganyifu chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, miaka 7 hiyohiyo inageuka kuwa kikomo cha chini cha kifungo, na faini inaanzia shilingi milioni 20, kwa kosa la 640,000. Kwa hiyo asikiri kitu chochote mahakamani kabla hati ya mashtaka haijasomwa na wakili, au na msaidizi wa kisheria, ambaye chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 huwahudumia wasio na uwezo bila malipo.

Pesa ya mama wa watu irudishwe, hata kwa kuuza hiyo simu kama polisi hawajaichukua kuwa kielelezo. Mlipe mbele ya mashahidi, kwa maandishi yenye sahihi yake. Malipo hayo hayafuti kesi, kwa sababu mshtaki ni Jamhuri na wala si mwenye duka, ila hakimu huyatazama anapopima adhabu.

Jumatatu fikeni kituoni mapema, wewe, vijana wote wawili, wadhamini, na cheti kikiwa mkononi mwako.