Mtoto na Afunzwe Kuuliza: Tumejuaje?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilitutaka wasomaji tutaje makumbusho yanayofaa kutembelewa na familia nzima, na tueleze watoto wanapata huko kitu gani wasichoweza kukipata darasani. Jibu langu ni Ngome ya Yesu, Mombasa. Kitu chenyewe ninachokisema ni mazoea ya kuuliza swali ambalo vitabu vya shule huliruka: haya tunayoambiwa yamejulikanaje? Tarehe za Wareno na za Waomani, yaani Waarabu wa Omani waliowatoa Wareno ngomeni, mtoto atazikariri kwa ajili ya mtihani, wala hapana ubaya. Lakini ndani ya ngome ile ushahidi wenyewe uko mbele ya macho yake, kila upande ukidai yake, na mzazi asiyesomea historia anaweza kabisa kumsaidia kuupima.

Tulikwenda mimi na mume wangu, binti yetu aliye gredi ya saba, mdogo wake wa kiume, na nyanya yao, tukiwa tumekwisha kukubaliana kwamba hatutajaribu kuona kila kitu. Nauona uamuzi huo kuwa wa lazima kwa yeyote mwenye watoto. Nimeona familia zikipita mbele ya makabati ya vioo kama watu waliochelewa basi, na zikifika mwisho hakuna anayekumbuka hata bakuli moja. Ni heri kusimama mahali patatu au panne hadi watoto waishiwe na maswali yao wenyewe.

Pa kwanza ni langoni. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na juu ya mlango wake liko jiwe lenye maandishi ya Kireno ya mwaka 1635. Humo kapteni Francisco de Seixas de Cabreira anajisifu kwamba ameijenga upya ngome, ameutiisha mwambao chini ya mfalme wake, na ameiadhibu miji kama Pate hata kuzibomoa kuta zake. Ili kuyaelewa majivuno hayo, mtoto lazima asimuliwe yaliyotangulia. Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa, ambaye Wareno walimlea Goa, koloni lao la India, wakambatiza na kumpa jina la Jeronimo Chingulia, aliwageuka mwezi Agosti 1631, akamuua kapteni wao na kuitwaa ngome, kisha mwaka uliofuata akaiacha na kuondoka. Kwa hiyo jiwe lile ni neno la mtu aliyerudi na bunduki, akaandika mambo kama alivyotaka yakumbukwe. Nilimwomba binti yangu afikiri jiwe hilo lingesema nini lau lingechongwa na watu wa Pate. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba huenda wasingetaja kuta zilizobomolewa, wangetaja watu waliokuwa wakiishi nyuma yake. Sidhani kuna zoezi la darasani lingemfikisha hapo kwa upesi ule.

Pa pili ni penye michoro, na hapo ndipo ningependa kila mzazi akawie. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya lipu kuukuu ukuta uliochorwa na askari na mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye matanga, samaki, watu. Sasa michoro hiyo imehifadhiwa na wageni huonyeshwa. Hakuna aliyewaagiza watu wale wachore, wala si kazi iliyofanywa ili kupamba kanisa au kumsifu kapteni, na kwa sababu hiyo inatuambia mambo ambayo jiwe la langoni haliyasemi. Ukiziangalia merikebu zile kwa makini utaona kwamba kamba na milingoti yake imechorwa na mtu aliyeijua kazi ya baharini, tena mtu aliyekuwa na nafasi ya kukaa mbele ya ukuta saa nyingi. Mwanangu aliuliza kama waliruhusiwa kuchora ukutani. Swali zuri sana, na tuliliacha lifanye kazi yake: ni nani angewakataza, alikuwa wapi, na kwa nini baadaye ukuta ulipigwa lipu juu? Mtoto anayefikiri hivyo ameanza kuusoma ukuta kama hati. Nyumbani alichukua karatasi akachora jahazi, na kwa mara ya kwanza alijali kamba zinafungwa wapi.

Nataka kusema neno juu ya sanaa hapa, kwa sababu wengi wetu tukisikia makumbusho ya historia hudhani sanaa iko kwingine. Katika ngome ile huwezi kuzitenga. Chumba cha baraza cha zama za Waomani kina boriti zilizochongwa kwa maandishi, na mtu aliyezichonga alikuwa fundi wa uzuri na pia shahidi wa utawala uliomlipa. Vyombo vya kauri vilivyopatikana katika magofu ya mwambao, kama Gedi na Manda, ni vizuri kwa macho, lakini bakuli la China lililofukuliwa katika udongo wa Gedi ni ushahidi wa biashara kabla halijawa pambo. Tuliwaambia watoto wachague bakuli moja tu kila mmoja, walieleze kwa nyanya yao bila kusoma kibao, kisha ndipo wasome.

Pa tatu ni habari ya kuzingirwa kwa ngome, nayo ni nzito. Waomani na washirika wao waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, takriban miaka miwili na miezi tisa. Ndani walikuwamo Wareno wachache pamoja na watu wa pwani waliokuwa upande wao, na maradhi yaliua wengi kuliko mizinga. Mwishoni mwa Agosti 1697, kapteni alipokuwa amekwisha kufa, ngome ilibaki mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, mji wa kisiwa cha Pate, pamoja na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50, hadi msaada ulipofika mwezi uliofuata. Husemwa kila siku kwamba ile ilikuwa vita ya Wareno na Waarabu. Basi hapa kuna Mswahili wa Faza akiilinda ngome ya Wareno, na wanawake waliozidi wanaume wote waliokuwamo! Habari hizi zimetufikia kwa kalamu za upande wa Wareno, na katika masimulizi tunayosoma leo wanawake hao wametajwa kwa hesabu tu. Mama yangu ndiye aliyeshikilia jambo hilo. Aliuliza nani alikuwa akichota maji, nani akiwaosha wagonjwa, nani akiwazika, na akawaambia wajukuu wake kwamba watu 50 hawawezi kukaa mahali pale wakati kama ule bila kazi. Nafurahi kwamba tulikwenda naye. Mtaalamu angetupa tarehe zaidi, lakini hilo la kazi za wale wanawake lilitoka kwa mtu aliyeuguza wagonjwa maisha yake yote.

Ushahidi mwingine wa kipindi kile ulitoka baharini. Merikebu ya vita Santo Antonio de Tanna, iliyoundwa India, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 ilipokuja kuwasaidia waliozingirwa. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu waliichunguza chini ya maji, wakatoa vyombo, mizinga na vitu vya matumizi ya kila siku, na sehemu yake imo katika maonyesho. Kwa mtoto anayeuliza tumejuaje, sioni jibu lililo wazi kuliko hili: maandishi yalisema merikebu ilizama, na watu wakazama chini wakaikuta.

Mengine tuliyapita upesi. Ngome ilikuwa gereza la serikali ya kikoloni kuanzia 1895 hadi 1958, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960; mambo ya gereza nayaona yanahitaji siku yake, watoto wakiwa wakubwa zaidi. Njia iliyokatwa katika mwamba wa matumbawe kuteremka baharini waliipenda kwa sababu zao wenyewe. Kwa wanaopanga safari, nashauri waende asubuhi mapema, maana uani jua huwa kali na wazee huchoka, wachukue maji na kofia, na baada ya hapo watembee Mji wa Kale, ulio karibu, ambako milango ya kuchonga bado inafunguliwa na kufungwa na wenyewe.

Najua wasomaji wengi wa gazeti hili wako mbali na Mombasa, na sitaki jibu langu lionekane la watu wa pwani peke yao. Swali la tumejuaje linafaa kwenye makumbusho ya mkoa wowote. Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, mtoto aliyekua vya kutosha anaweza kuuliza majina ya mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 yalihifadhiwa na nani, na kwa kusudi gani. Kisumu nako, ndani ya makumbusho, limejengwa boma zima la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, lenye nyumba za wake na ya mwana wa kwanza wa kiume. Huko mtoto aulize kwa nini nyumba ya kijana imewekwa karibu na lango na ya mke mkubwa ikaelekea lango hilohilo kutoka ndani kabisa, na kama yuko babu karibu, aachwe ajibu yeye kabla kibao hakijasomwa.