Nipelekeni Nippur nikawape pole wenzangu

Swali lenu la wiki hii, shule gani ya kale ungependa kukaa darasani japo siku moja, naona wengi watakimbilia Athens kwa kina Plato. Mimi hapana, nipelekeni Nippur, kusini mwa Iraq ya leo, kwenye edubba, yaani nyumba ya vibao. Vibao vya udongo (vya mashavuni sijui), dogo anakanda udongo anautengeneza kama kichapati cha kukaa kiganjani, ticha anachora mstari wa mfano, yeye anaukopi kwa kijiti cha tete, akishamaliza anaufinyanga upya kesho anaanza tena. Wengi walikuwa watoto wa kiume wa wakubwa, wa mkulima umtafute shambani.

Sasa kuna hadithi ya Kisumeri, lugha ya kale ya huko, vibao vyake vina miaka kama 3700, mwanafunzi anasimulia siku yake. Mama kampa mikate miwili, anakimbia asichelewe, na siku hiyo anachapwa na kila mtu, kibao chake kina kasoro fimbo, kaongea fimbo, kasimama bila ruhusa fimbo, mwandiko mbaya fimbo, halafu kuna mmoja kazi yake ni kusimamia Kisumeri tu, na huyo naye anamchapa, kosa lake hakuongea Kisumeri.

Hapo ndo niliposimama nikacheka peke yangu. Maana wakati huo nyumbani watu wanaongea Kiakadi chao, Kisumeri hakina mwenyewe mtaani, kimebaki cha shule na hekaluni, na msemo walikuwa nao kabisa eti karani asiyejua Kisumeri ni karani gani huyo. Nyie, mimi form one nilivalishwa kibao shingoni siku nzima kisa nimemwambia mwenzangu "niazime rula", na kilikuwa kimeandikwa Kiingereza ambacho maana yake ilibidi nikaulize.

Dogo wa Nippur lakini mjanja, akamwambia baba ake mwalike ticha nyumbani. Ticha kaja, kakalishwa kiti cha heshima, kanywa mvinyo wa tende, kavishwa nguo mpya na pete kidoleni, ghafla dogo ni kichwa, atawaongoza wenzake wote! Bi mkubwa wangu alipeleka jogoo na kibao nikaendelea kuvaa.

Kitu kingine kinachonivuta ni ile nyumba wanaakiolojia waliyoichimba huko Nippur mwanzoni mwa miaka ya 1950, kanyumba kadogo tu ka kuishi watu, ila kalikuwa na vipande vya vibao kama 1400, kazi za watoto, orodha za majina ya miti, hesabu za kuzidisha kwa mtindo wao wa kuhesabu kwa sitini sitini badala ya kumi kumi, vingine mafundi walishavitumia kujazia sakafu. Mwandiko mbovu wa mtoto wa watu leo unakaa makumbusho kwenye kioo. Daftari zangu zote bibi alifungia karanga.