GT LTS ya miaka ya 1990: anza na maungio, gia baadaye

Kaka, umeuliza uanze na gia mpya au shokapu kwenye GT LTS yako, ile baiskeli ya milimani yenye shokapu nyuma; mimi ningeacha vyote viwili kwanza na kuangalia maungio, yaani sehemu ambako fremu ya nyuma hujikunja. Inua baiskeli kwa siti, shika tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia. Likicheza, huenda bushi na beringi za maungio zimekwisha, na kama ndivyo, shokapu ya bei yoyote haitakusaidia. Fungua kila ungio, safisha, kisha angalia kwa tochi kandokando ya weldi. Ukiona ufa, fremu hiyo itundike ukutani, usiipande.

Shokapu usiagize kwa macho. Pima kutoka katikati ya tundu la bolti moja hadi la pili, na urefu inaobonyea. Foku yako ya Judy (uma wa mbele unaobonyea) ndani ina vipande vya mpira vinavyofanya kazi ya springi, na kwa umri huo mara nyingi vimekauka au vimeyeyuka. Vitoe hivyo vya mpira, uweke springi. Tafadhali usiweke foku ndefu ya kisasa: inanyanyua mbele, usukani unakuwa mzito na fremu inabeba mzigo ambao haikuundiwa.

Habu (kitovu cha tairi la nyuma) ya gia 8 za Shimano inapokea kaseti, yaani rundo la meno ya nyuma, ya gia 9, kwa hiyo gia hazina haraka.