Umelipa madeni yote? Amri ya kufilisika bado ipo

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo nilivyolelewa. Siku niliyommalizia mdai wangu wa mwisho nilirudi dukani Kirinyaga Road nikijua yamekwisha. Wiki mbili baadaye benki ikakataa kunifungulia akaunti. Kumbe amri ya kufilisika iliyotolewa na Mahakama Kuu huondolewa na mahakama yenyewe.

Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015, muflisi huachiliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, asipowekewa pingamizi. Kubatilisha amri ni jambo jingine kabisa. Unaweza kuomba ikiwa amri haikustahili kutolewa tangu mwanzo, au ikiwa madeni yote yamelipwa pamoja na ada na gharama. Mimi nilipitia hiyo njia ya pili.

Jasho lilinitoka kwenye ushahidi. Risiti zangu nilikuwa nimezitia kwenye bahasha ya kaki, droo ya chini ya kaunta. Nilipozimwaga mezani kwa wakili, zile za mashine zilikuwa zimefifia. Moja ilibaki na tarehe tu, pesa hazionekani. Ikanibidi nirudi kwa kila mdai kuomba barua kwamba hanidai tena. Mmoja wao, tuliyekuwa tumegombana vibaya, aliniweka kwenye benchi asubuhi nzima kabla ya kutia sahihi. Nilikaa, ningefanyaje? Nakuomba ndugu yangu, toa kopi ya risiti siku hiyo hiyo, na barua uidai papo hapo, kabla mdai hajaweka pesa mfukoni.

Kabla ya kufika mahakamani Milimani, mwone Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali anayesimamia mali ya muflisi. Mimi nilimruka. Kumbe kulikuwa na gharama ambazo sikuzihesabu, na kesi ikaahirishwa hadi nizilipe.

Siku ya uamuzi nilihudhuria kwa video nikiwa stoo, mke wangu ameshusha shata ili kelele za matatu zisiingie. Jaji alisoma kwa dakika chache tu. Mke wangu alinishika bega, hakusema neno.

Ukishaipata amri ya kubatilisha, chukua nakala kadhaa zenye mhuri wa mahakama, uzipeleke mwenyewe benki na CRB, wale wanaoweka rekodi za mikopo ya watu. Usingoje habari ziwafikie.