Si Katrina peke yake

Ndugu, umeona picha za ile bustani ya michezo ya New Orleans, Marekani, iliyojaa kutu, ukauliza kama iliuliwa na kimbunga Katrina au ilishajifia kabla. Ilikuwa mgonjwa tayari. Ilifunguliwa mwaka 2000 kwa jina la Jazzland, mapato yakawa haba, na 2002 kampuni ya bustani za michezo, Six Flags, ikaichukua; 2003 ikaipa jina lake.

Agosti 2005 wakaifunga kwa tahadhari, Katrina ikija. Hapo ndipo penye kisa: eneo ni bondeni na limezungushiwa tuta la udongo, hivyo pampu za kutoa maji zilipozimika pakawa kama bakuli. Maji yenye chumvichumvi yakatuama wiki kadhaa, yakala vyuma na nyaya. Six Flags ikasema hakuna cha kuokoa, ikahangaika kujitoa kwenye mkataba wa miaka 75 na jiji. (Kumbe kilikuwepo! Treni ya Batman, ile ya mchezo wa kupanda na kushuka kwa kasi, iliyojengwa juu kutoka ardhini, ilifumuliwa vipande, ikapelekwa San Antonio, Texas, na 2008 ikaanza kazi tena kwa jina la Goliath.)

Mengine mengi yalibaki yametelekezwa hadi ubomoaji ulipoanza 2024. Picha ulizoona ni za zamani.