Fomula Ikigoma, Anza na Data

Mimi ni mweka hazina wa kikoba, na hesabu zetu za hisa, mikopo na faini nazitunza kwenye Google Sheets. Waweka hazina wa vikundi vingine huniletea shiti zao zikigoma, na wengi huja wakiwa wameshaivuruga fomula: wameongeza mabano, wametoa koma, wamebandika nyingine waliyoikuta mtandaoni. Ndugu yangu, fomula ikigoma usikimbilie kuigusa. Angalia kwanza ulichoipa ihesabu, maana mara nyingi ugonjwa uko huko.

Chukua hili la namba za simu, ambalo nakutana nalo kuliko jingine lolote. Una shiti ya wanachama, na una taarifa ya miamala uliyoipakua kutoka kwenye huduma ya pesa kwa simu. Unataka VLOOKUP isome namba iliyotuma pesa, ikuletee jina la mwenye nayo. Inakujibu #N/A, yaani haikukiona ulichotafuta, kuanzia juu mpaka chini, na wewe unajua kabisa mwanachama huyo yumo. Kumbe ulipoandika namba inayoanza na 0754, Sheets iliichukua kama tarakimu za hesabu ikaidondosha sifuri ya mbele, na kwenye taarifa ya miamala namba hiyo hiyo inaanza na 255. Kwa Sheets hizo ni namba mbili zisizojuana.

Tiba yake: pande zote mbili ongeza safu ya pembeni yenye =RIGHT(SUBSTITUTE(A2," ",""),9), kisha tafuta kwa safu hizo. SUBSTITUTE inafuta nafasi zote, hata ile iliyojificha mwishoni usiyoiona, na RIGHT inabakiza tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki namba iwe imeandikwa kwa sifuri au kwa 255. Kwenye shiti ya wanachama iweke safu hiyo kushoto kwa majina, kwa sababu VLOOKUP hutafuta kwenye safu ya kwanza ya eneo ulilolitaja. Na mwisho wa fomula andika FALSE. Ukiacha patupu, Sheets inakisia kwamba orodha yako imepangwa kwa mfuatano na inaweza kukuletea jina la mtu mwingine kabisa. Hapo mchango wa mama mmoja unaandikwa kwa jirani yake.

Hilo la jina lisilo lake linanisumbua zaidi kuliko #N/A, kwa sababu halipigi kelele. Na SUM, fomula ya kujumlisha, ina tabia hiyo hiyo. Sisi tumezoea kuandika 20,000/= na tunaona ni sawa. Ukiiandika hivyo kwenye seli, Sheets inaiona ni maneno, na SUM inayaruka maneno bila kusema lolote. Jumla inatoka safi, haina alama ya kosa, ila pesa haijatimia. Ukitaka kujua, andika pembeni =COUNT(C2:C60) na chini yake =COUNTA(C2:C60). Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu kila seli yenye kitu. Zikitofautiana, kuna kiasi kilichoandikwa kama maneno. Kitafute kwa macho: kama hujapanga seli vinginevyo, namba hukaa kulia na maneno hukaa kushoto. Andika 20000 tupu, alama ya shilingi uiweke kwa kubadilisha muonekano wa seli.

Tarehe nazo. Faili likiwa limewekwa kwa utaratibu wa Marekani, ukiandika 05/03/2024 ukimaanisha tarehe tano Machi, linasoma tarehe tatu Mei. Ukiandika 25/03/2024 linashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na linaibakiza kama maneno. Kwa hiyo riba za baadhi ya mikopo zinapotea na nyingine zinakosewa kimyakimya. Fungua File, kisha Settings, na pale kwenye Locale chagua Uingereza, ambako siku huandikwa kabla ya mwezi kama kwetu. Lakini tarehe zilizokwisha kuingia vibaya hazitajirekebisha, itabidi uzipitie. Hiyo Locale ibadilishe siku unayoanzisha faili, kabla ya mwanachama wa kwanza kuandikwa.

Alama ya kosa #REF! ni nyepesi: mara nyingi kuna safu au mstari uliofutwa ambao fomula ilikuwa inautegemea. Rudisha nyuma kwa Undo, au ingia kwenye Version history, kumbukumbu ya faili lilivyokuwa zamani, utoe faili la kabla ya kufutwa.

IFERROR, fomula inayoficha alama za kosa na kuweka kitu kingine mahali pake, naomba uiache mpaka ujue kosa linatoka wapi. Watu wanaipenda kwa sababu inafuta wekundu wote na shiti inapendeza kwenye kikao. Ila mchango usio na mwenyewe unageuka sifuri au seli tupu, na siku ya kugawana mwanachama ananyimwa haki yake na hakuna anayejua kwa nini.

Ukikwama kabisa na kutaka mtu akusaidie, tengeneza nakala ya faili, badilisha majina na namba za simu, mtumie mistari michache inayogoma pamoja na jibu ulilotarajia. Usimpe faili zima. Madeni ya wanachama ni siri yao.