Njia ya miguu ipiganiwe kabla bikoni hazijafukiwa

Huku pembezoni mwa Jiji la Mbeya, Isyesye, Itezi na kwingineko ambako mashamba yanageuka viwanja, wengi wetu tunasubiri greda lifike ndipo tuulize waenda kwa miguu watapita wapi. Jibu linakuwa limeshatoka zamani. Upana wa barabara ya mtaa unaamuliwa mchoro wa mipango miji unapoandaliwa. Bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, zikishafukiwa, kupata hata mita moja ya ziada maana yake ni kubomoa ukuta wa jirani. Kwa hiyo kama mtaa wenu unaingia kwenye urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa rasmi ardhi ambayo watu tayari wanaishi, mkutano wa mchoro msiukose kwa sababu yoyote ile.

Nimekaa kwenye kamati ya urasimishaji, na nimeona kinachotokea mchoro unapotandikwa mezani. Kila mtu anatafuta kiwanja chake kimebaki na ukubwa gani. Tena ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa sababu kwenye urasimishaji ardhi ya barabara kwa kawaida hutolewa na wenyeji wenyewe kwa makubaliano, bila fidia. Mkibishana mezani, barabara itashindwa.

Sisi tulitoka nje. Ushauri wangu mkubwa ni huo: itembeeni njia pamoja na mpimaji, asubuhi ya siku ya shule, msimu wa mvua, tope likiwepo. Mchukueni mjumbe, dereva wa bajaji, mama anayepeleka ndizi sokoni kichwani, na mzee anayetembelea fimbo. Penye kona moja iliyobanwa na uzio wa matete tulisimama, mwenyekiti akamuuliza bibi mwenye kiwanja, "Mama, bajaji ikija hapa wajukuu wanapita wapi?" Akajibu, "Wanashuka mtaroni, mwanangu." Alikuwa amekataa katakata kutoa ardhi. Tukapima naye kwa utepe, akaona kwamba kinachotakiwa ni mistari miwili ya migomba, akakubali. Mezani asingekubali, na nisingemlaumu, kwa sababu mezani hakuna anayeiona hiyo kona.

Sasa mtaro. Mbeya ni mji wa miteremko, na mvua zetu huanza mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Maji yanayoshuka kutoka milimani yanahitaji mtaro mpana na wenye kina, na mtaro huo ukiachwa wazi ndio unaokula nafasi ya mtembea kwa miguu na kuvunja watu miguu usiku. Mtaani ambako ardhi ni finyu, njia ya miguu nzuri kuliko zote ni juu ya mtaro wenyewe: kuta za mawe au zege, kisha mifuniko ya zege juu yake. Mita moja na kidogo iliyokuwa ya maji inakuwa ya maji na ya watu. Lakini simamieni mambo mawili. Mifuniko iwe vipande ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua, la sivyo mtaro hautasafishwa, mchanga utajaa na maji yatarudi barabarani. Na penye geti la kila nyumba njia isiwe na ngazi. Kuna mtu wa kiti cha magurudumu katika kila mtaa, hata kama hamumwoni. Pengine hamumwoni kwa sababu hana pa kupita. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wake, itajeni mkutanoni bila aibu.

Mkishakubaliana, andikeni. Makubaliano yasiyo kwenye muhtasari wa mkutano wa mtaa, wenye mahudhurio na sahihi, hayapo. Muhtasari huo mtendaji aupeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, halafu halmashauri na kwa meneja wa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, kwa kuwa barabara nyingi za mitaani ziko chini yao. Angalieni kalenda pia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili, hivyo ombi linalofika Mei linasubiri mwaka mwingine. Sisi tunapeleka yetu kabla ya Krismasi.

Wanaokaa kando ya barabara kuu ya Tanzam, ile iendayo Zambia, wana mlango mwingine, TANROADS, wakala anayesimamia barabara kuu. Upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi ni kama kilometa 29, na njia nne maana yake mtoto anavuka upana mkubwa kuliko aliouzoea, mbele ya malori ya Tunduma. Kabla ya kulalamika kuhusu matuta, kaeni na walimu muweke alama kwenye ramani ni wapi hasa watu wanavuka. Watu huvuka palipo na kituo, shule au soko. Kivuko kikichorwa mbali na hapo hakuna atakayekifuata.

Na njia ikipatikana ilindeni. Anayejenga humwaga mchanga na matofali juu yake, bodaboda wanaigeuza kijiwe, mwenye duka anasogeza meza. Kwetu tulikaa na vijana wa bodaboda tukawapa kona yao yenye kivuli, wakahama bila ugomvi. Mwenye kifusi anaandikiwa barua na mtendaji na kupewa siku za kukiondoa. Mifuniko inanyanyuliwa Oktoba, kila kaya inasafisha mbele ya geti lake, na sehemu isiyo na mwenyewe, pale kwenye kalavati, tunaifanya wote Jumamosi moja kabla mvua haijaanza.